Funika Jicho Moja: Maradhi ya Tezi ya Shingo na Nuru ya Macho Yetu

Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Kigombe

  

Kila mwaka kamati ya afya hupewa nafasi ya kusema jambo moja kabla kapu la michango halijazunguka. Tumeshasema juu ya malaria, juu ya mama wajawazito, juu ya maji na vyoo. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia likitajwa mkutanoni. Tunawaomba mtuvumilie, kwa sababu limetugusa hapa hapa nyumbani.

Tunaanza na habari ya dada yetu mmoja. Mwenyewe ameturuhusu tuisimulie, ila jina tumekubaliana lisitajwe. Dada huyu alikuwa akikaanga samaki asubuhi na kusuka ukili mchana. Ikatokea akaanza kupungua mwili, ilhali anakula kuliko zamani. Moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Mikono ikawa inatetemeka, na jasho likamtoka wakati wenzake wanajitanda kanga kwa baridi ya kusi. Baadaye shingo ikavimba kidogo, na macho yakaanza kutoka. Watu wakasema yao. Wako waliosema amerogwa, wako waliosema ana jini, na wako waliosema amekuwa mkali siku hizi, anawakodolea watu macho. Yeye hakuwa akimkodolea mtu yeyote. Kope zake za juu zilikuwa zimevutika, hazishuki.

Alikwenda hospitali, akapimwa damu, akaambiwa tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, akaanzishwa dawa. Moyo ukatulia, mwili ukarudi. Watu wakasema amepona, naye akaamini amepona. Lakini macho yalikuwa na safari yao. Miezi michache baadaye alikuwa akisuka mkeka wa rangi karibu na jiko. Moshi ukamwingia jicho la kushoto, akalifumba, akaendelea kusuka kwa jicho la kulia. Ukili mwekundu aliokuwa ameushika akauona umepauka, unaelekea rangi ya kutu. Akafumbua jicho la kushoto, wekundu ukarudi. Akailaumu rangi aliyonunua dukani.

Siku zile zile alikwenda kwenye kituo kimoja cha tiba kwa sababu macho yalikuwa yakimwasha. Akasomeshwa herufi za ukutani, akazisoma karibu zote, akapewa dawa ya matone na kuambiwa macho yake hayana tatizo. Habari ya ukili hakuisema. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kuwa hiyo ni habari ya kumwambia mtu wa hospitali.

Wiki zikapita. Alipofika kwa daktari bingwa wa macho, mshipa wa fahamu wa jicho la kulia ulikuwa umebanwa kwa muda mrefu. Alitibiwa, na jicho la kushoto ni zima. La kulia linaona mwanga na umbo la mtu, lakini kusoma halisomi, wala rangi halichagui. Kila tukimtembelea hurudia jambo lile lile, kwamba ukili ulimwambia mapema, ila yeye hakujua unasema nini.

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilokuja kulisema leo. Maradhi haya hutoa dalili kabla hayajachukua nuru ya jicho. Dalili hizo ni ndogo, haziumi sana, na mtu anayetumia macho yote mawili anaweza asizione kabisa. Anayezijua atawahi, na asiyezijua atachelewa. Kuzijua hakuhitaji fedha.

Tezi ya shingo na macho

Tezi ya shingo iko mbele ya koo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, usingizi. Zikizidi, mwili unakwenda mbio kama mashine iliyofunguliwa mafuta yote. Zikipungua, mwili unazubaa.

Wengi wetu tukiona shingo imevimba tunasema goita, na wazee husema rovu. Hapa panahitaji ufafanuzi. Goita tuliyoisikia zaidi ni ile ya ukosefu wa madini joto katika chakula. Hiyo ilisumbua sana watu wa milimani, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi inayouzwa nchini inatakiwa iwe imetiwa madini joto. Goita ya namna hiyo haisukumi macho nje. Ugonjwa tunaousema leo ni mwingine. Unatokana na kinga ya mwili yenyewe kukosea adui. Askari wa mwili, badala ya kupigana na vijidudu, wanaigeukia tezi ya shingo na kuichochea ifanye kazi bila kupumzika. Askari hao hao wanazishambulia nyama zilizo nyuma ya macho.

Ugonjwa huu wa tezi unaitwa kwa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Miaka mitano baadaye, mwaka 1840, daktari wa Kijerumani Carl von Basedow aliandika juu ya wagonjwa wenye mambo matatu kwa pamoja: shingo iliyovimba, moyo unaokwenda mbio na macho yaliyotoka. Mambo matatu yale yale aliyokuwa nayo dada yetu. Na karne nyingi kabla yao, tabibu wa Kiajemi Ismail al-Jurjani anatajwa kuwa aliona kwamba uvimbe wa shingo na kutoka macho huandamana. Kwa hiyo ni ugonjwa wa zamani, unajulikana, na una tiba. Anayemwambia mgonjwa kuwa amerogwa anamchelewesha.

Sasa tuone kinachotokea ndani. Jicho limekaa katika tundu la mfupa. Lifananisheni na kifuu cha nazi: mbele kiko wazi, nyuma kimefungwa, isipokuwa kitundu kidogo unapopita mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuma ya jicho kuna misuli ya kuligeuza na mafuta ya kulilaza. Misuli na mafuta vikivimba, kifuu hakitanuki. Ama jicho linasukumwa mbele, ama mshipa unabanwa kule nyuma, ama yote mawili.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Tunadhani jicho lililotoka sana ndilo lililo hatarini, na lililotoka kidogo ni salama. Si hivyo siku zote. Jicho linapokwenda mbele hupunguza msongamano nyuma. Jicho ambalo halikutoka sana linaweza kuwa ndilo lililobanwa zaidi. Msimpime mtu kwa sura.

Maradhi haya huwapata wanawake zaidi ya wanaume, lakini mwanamume au mzee akipatwa, mara nyingi huwa makali zaidi. Macho yanaweza kuanza pamoja na tezi, kabla yake, au baada ya tezi kutulia kwa dawa, kama ilivyokuwa kwa dada yetu. Uvimbe huwa na kipindi cha moto, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili, kisha hupoa. Wengi hubaki na macho makavu, kuwashwa na machozi, basi. Lakini kati ya wagonjwa 100 wa macho ya namna hii, kiasi cha watano mshipa wao hubanwa. Watano ni wachache ukiwasoma kwenye karatasi. Akiwa mmoja wao ni mama yako, hutamwona mchache.

Kwa nini herufi za ukutani hazitoshi

Ubao wa herufi kubwa juu na ndogo chini ulibuniwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na mpaka leo ndio kipimo cha kwanza cha macho duniani. Ni kipimo kizuri. Siku hizi hata simu inaweza kufanya kazi hiyo. Jirani zetu wa Kenya, huko Nakuru, walishiriki kuijaribu programu ya simu iitwayo Peek Acuity, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa inapima vizuri hata mikononi mwa mtu ambaye si daktari.

Lakini herufi hupima jambo moja tu: ukali wa jicho katikati ya picha. Mshipa unapoanza kubanwa, mara nyingi kinachopungua kwanza ni rangi na mwangaza. Wako wagonjwa wengi ambao mshipa umeshabanwa na bado wanasoma mistari ya chini vizuri. Ndiyo maana daktari wa macho hutumia pia kitabu cha madoa ya rangi chenye namba zilizofichwa ndani yake, alichokibuni Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Humulika tochi jicho moja na kuhamia la pili kwa haraka, aone kama mboni zote mbili zinasinyaa sawasawa. Hupima pia upana wa kuona, na huchungulia mshipa wenyewe nyuma ya jicho. Pakihitajika, picha ya kompyuta huonyesha misuli iliyovimba.

Jambo la pili ni kwamba macho mawili husaidiana. Moja likififia, lingine hujaza pengo, na mwenyewe haoni tofauti. Dada yetu asingejua kitu kama moshi usingemfumba jicho. Kwa hiyo kipimo chochote cha nyumbani kisichofunika jicho moja ni bure.

Vipimo vitano vya nyumbani

Kila mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, anayemeza dawa au aliyekwisha kupona, achague siku moja ya wiki. Wengine watachagua Ijumaa baada ya sala, wengine Jumapili baada ya ibada. Akae mahali penye mwanga wa mchana. Kama anavaa miwani ya kusomea, aivae. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, apime, kisha abadilishe. Mtoto wa shule anaweza kumsaidia na kuandika kwenye daftari.

Cha kwanza ni rangi. Shika kitu chekundu sana: kifuniko cha chupa ya soda, kanga nyekundu, ukili uliotiwa rangi. Kitazame kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto. Jiulize: wekundu ni ule ule? Au upande mmoja umepauka, umekuwa kama kahawia au waridi? Rudia kwa kitu cha bluu, kwa sababu kwa wengine bluu ndiyo hutangulia kufifia.

Cha pili ni mwangaza. Tazama mlango ulio wazi au ukuta mweupe kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Kama upande mmoja unaonekana kama mawingu yametanda wakati jua linawaka, andika.

Cha tatu ni maandishi. Tundika kalenda ukutani, simama mahali pale pale kila wiki, usome tarehe kwa kila jicho peke yake. Yakififia, pepesa macho mara kadhaa. Yakirudi kuwa safi, huenda ni ukavu tu. Yasiporudi, hilo ni jambo lingine, na halingoji.

Cha nne ni ukamilifu wa picha. Mtu akae mbele yako, umtazame puani kwa jicho moja. Je, unamwona paji la uso, masikio yote mawili na kidevu? Au kuna sehemu imefutika, imekuwa kivuli?

Cha tano ni kuona viwili. Mvuvi anayeona karabai mbili pale penye moja, mama anayeona njia mbili akishuka ngazi, ajaribu kufunika jicho moja. Kama cha pili kinatoweka, maana yake macho hayatazami pamoja, misuli imekaza. Huyo naye aende akaonwe, na kwa wakati huo asipande mnazi wala asiendeshe pikipiki.

Tunaongeza moja kwa wale wanaolala na mgonjwa nyumba moja. Usiku akiwa amelala, mtazameni macho bila kumwamsha. Kope zinafunga zote? Au kuna upenyo, na ndani yake kioo cha jicho kinaonekana? Jicho lisilofunga hukauka usiku kucha, na ukavu huo unaweza kuleta kidonda kwenye kioo.

Lini usingoje

Yako mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Rangi zikibadilika katika jicho moja au yote mawili. Nuru ikipungua bila sababu inayojulikana. Sehemu ya picha ikifutika. Doa jeupe likitokea kwenye kioo cha jicho, au jicho likiwa jekundu na kuuma sana. Kope zikishindwa kufunga hata kioo kikaonekana. Jicho likitoka ghafla mbele ya kope. Lolote kati ya haya, nenda siku hiyo hiyo. Usiku ukikukuta, nenda alfajiri.

Anzeni kwenye kituo chetu cha tiba, mpate barua ya rufaa kwenda Hospitali Teule ya Muheza au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kwa matibabu ya kibingwa zaidi tunazo KCMC kule Moshi, na Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam. Mkifika, msiseme tu kwamba macho yanauma au yanawasha. Semeni hivi: "Mimi nina ugonjwa wa tezi ya shingo, na jicho langu la upande huu limeanza kubadili rangi za vitu." Maneno hayo yatamfanya mhudumu aangalie mahali panapostahili. Nendeni na daftari la vipimo, na dawa zote mnazomeza.

Mshipa uliobanwa ukiwahiwa, una tiba. Kwa kawaida huanza na dawa kali ya kupunguza uvimbe, inayotiwa kwenye mshipa wa damu hospitalini, chini ya uangalizi wa sukari, shinikizo la damu na ini. Isipotosha, madaktari hufanya upasuaji wa kutanua tundu la mfupa ili mshipa upate nafasi. Wengi waliowahiwa nuru yao hurudi. Tunasisitiza neno waliowahiwa.

Yanayosaidia na yanayodhuru

La kwanza ni sigara. Katika mambo yote yaliyo mikononi mwa mgonjwa, hakuna linalochochea maradhi haya ya macho kama kuvuta sigara, na mvutaji hata dawa hazimsaidii sawasawa. Mwenye tezi na avute leo ya mwisho. Na sisi tunaomzunguka tusivute karibu naye.

La pili, usiache dawa ya tezi kwa sababu umejisikia vizuri. Tezi inayopanda na kushuka huyatesa macho. Na ukiwa unameza dawa ya kutuliza tezi, kisha ukapata homa na koo kuuma, nenda upimwe damu mara moja, usimalizie kwa panadoli.

La tatu ni mwani. Pwani yetu inalima mwani, na siku hizi tunasikia unga wake ukisifiwa kuwa ni tiba ya goita. Mwani una madini joto. Kwa mwenye goita hii ya kinga ya mwili, madini joto ya kupita kiasi yanaweza kuichochea tezi zaidi. Chumvi ya kawaida ya jikoni itumieni kama watu wengine. Unga wa mwani na vidonge vya madini joto msivile bila kumuuliza daktari.

La nne, msitie machoni maji ya majani, asali, maziwa wala dawa ya kopo isiyo na jina. Jicho hili lina kioo kilichokauka tayari, na kidonda kidogo kinaweza kuwa kikubwa kwa siku mbili. Matone ya machozi ya bandia yapo, hayana makali, na yanasaidia. Usiku laleni na kichwa kimeinuliwa kidogo kwa mito. Mchana vaeni miwani ya jua, hasa mnaokwenda baharini na mnaokaa kwenye moshi wa kukaanga samaki.

La tano, msinunue vidonge vya kupunguza uvimbe dukani kwa sababu jirani alivinunua vikamsaidia. Dawa hizo zina madhara zikitumiwa bila kipimo, na kuziacha ghafla ni hatari.

La sita ni la wale watakaoambiwa watibiwe tezi kwa madini joto ya mionzi. Ni tiba nzuri kwa wengi, lakini inaweza kuyachochea macho. Kabla ya siku hiyo mwambieni daktari wazi kwamba mna maradhi ya macho, naye atajua namna ya kuwakinga.

Na la saba halihusu dawa. Macho yaliyotoka humfanya mtu aone haya. Dada yetu aliacha kwenda harusini, akaacha hata kwenda sokoni, kwa sababu watoto walikuwa wakimwita jina. Mtu anayejificha nyumbani hakuna wa kumuuliza anaonaje rangi ya kanga. Tuwakemee watoto wetu, na sisi wenyewe tuchunge ndimi zetu.

Tunachowaomba

Ndugu zetu, mwaka huu kamati inaomba michango kwa mambo manne.

Kwanza, fungu la nauli ya rufaa. Tumeona mara nyingi mtu anayo barua ya kwenda Moshi, na barua inalala chini ya mto kwa sababu nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumshika mkono, haijapatikana. Mshipa hauwezi kungoja mavuno ya nazi. Fungu hili litolewe ndani ya siku moja, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu ili kila mchangaji azione.

Pili, vifaa vya kituo chetu cha tiba na vya shule: ubao wa herufi, kitabu cha madoa ya rangi, tochi nzuri na glukomita kwa wale wanaotumia dawa kali.

Tatu, msaada wa vipimo vya damu vya tezi kwa wasio na bima ya afya. Mtu asiyepimwa hajui kama tezi yake imetulia.

Nne, siku moja ya macho kila mwaka hapa Kigombe, tumwalike daktari wa macho aje kwetu. Wenye tezi wataonwa, na wenye mtoto wa jicho, presha ya macho na miwani iliyopitwa na wakati nao watapata nafasi.

Mlio mbali na nyumbani tunawaomba na kitu ambacho hakina risiti. Mkimpigia simu mama, shangazi au kaka mwenye tezi, baada ya salamu muulizeni: wiki hii umefunika jicho? Wekundu ukoje kulia, ukoje kushoto? Swali hilo halimalizi hata dakika mbili za hewani.

Dada yetu yupo nasi leo, ameketi na kina mama, na tunamshukuru. Bado anasuka. Rangi anazichagua kwa jicho la kushoto, na binti yake humkagulia. Alitukubalia tuseme haya kwa sharti moja, kwamba kila mtu atoke hapa akiwa amejaribu. Basi kabla kapu halijazunguka, tunaomba kila mmoja wetu anyanyue kiganja afunike jicho la kulia, aitazame kanga nyekundu tuliyoitundika hapo mbele. Sasa afunike la kushoto.

Yeyote aliyeona wekundu wa namna mbili, asione haya. Atuone sisi wa kamati kabla hajaondoka.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho yetu, aijalie Kigombe heri. Karibuni tuchange.